Jinsi ya kumwomba Mungu kitu ukakitaja chenyewe, sio kuzunguka zunguka

Sisi tunaosali kila siku ukituuliza jana usiku uliomba nini tunaanza kubabaika, mara "niliomba baraka", mara "niliomba Mungu anitangulie", mara "niliikabidhi kesho mikononi mwake", na ukichimba kidogo, baraka gani, akutangulie wapi, hapo kimya. Sio dhambi kusali hivyo, ila tuseme ukweli, maombi ya namna hiyo hata yakijibiwa hutajua kama yamejibiwa kwa sababu hukuomba kitu. Na mimi naona wengi wetu sio uvivu, ni woga. Tunaogopa tukitaja kitu kabisa halafu tukikosa, imani itabaki wapi, kwa hiyo tunaomba kwa mafumbo ili tusinyimwe.

Soma Marko 10. Kuna kipofu anaitwa Bartimayo amekaa kando ya njia pale Yeriko anaomba sadaka, akasikia Yesu anapita, akaanza kupiga kelele "unirehemu", watu wanamwambia nyamaza wewe, ndio kwanza anazidisha. Yesu akasimama akasema mwiteni. Jamaa akatupa vazi lake akaruka akaja, na alipofika swali alilokutana nalo ni "Wataka nikufanyie nini?" Yaani mtu kipofu, kila aliyekuwepo anaona ni kipofu, bado anaulizwa unataka nini. Na angeweza kabisa kuomba hela, maana ndio kitu alichokuwa anaomba hapo siku zote. Akasema nataka nipate kuona. Basi haya yote ninayoandika hapa chini ni namna ya kufika kwenye hilo jibu lake, ukiulizwa uwe na cha kusema.

Kwanza jua unataka nini

Kabla hujapiga magoti chukua daftari, au fungua simu sehemu ya kuandika, andika hilo jambo kama unamtumia mtu wako wa karibu meseji. Usiandike kikanisa. Andika kilichotokea, kinakuumiza wapi, unataka kiishe vipi. Mara nyingi ukifika hapo kwenye "unataka kiishe vipi" ndio unagundua hujui, na hiyo ni faida tayari, sasa ombi lako la kwanza linakuwa Bwana nisaidie kujua ninachotaka.

Mfano mtu kila siku anasali "Mungu nisaidie kazini". Sawa, kazini kuna nini? Anakaa anafikiri, kumbe tatizo ni bosi anayemsema mbele ya wenzake kila kikao cha Jumatatu, Jumapili usiku usingizi hauji, tumbo linavuruga, na mkataba unakaribia kuisha. Akishaliona hilo sala yake inakuwa hivi:

"Baba, yule bosi wangu ananidhalilisha mbele za watu na mimi naumia, saa nyingine hata namchukia. Naomba umlainishe moyo wake aache. Kama na mimi kuna ninapoharibu nionyeshe nirekebishe. Na kama hapa sio pangu tena naomba nipate kazi nyingine kabla mkataba haujaisha maana watoto wanasoma. Nisaidie nilale leo. Kwa jina la Yesu, amina."

Haichukui hata dakika mbili. Ila angalia vilivyomo, kaeleza kilichotokea, kakiri kwamba anamchukia mtu, kaomba jambo moja, kaacha mlango wa pili wazi, kataja na muda, halafu kaomba kitu kidogo cha usiku huo huo, usingizi. Mimi hicho cha mwisho ndicho nakipenda kuliko vyote. Watu tunaomba mambo makubwa ya miaka kumi mbele tunasahau kuomba ya leo jioni, wakati kwenye sala ambayo Yesu mwenyewe alifundisha ombi la tumbo ni "Utupe leo riziki yetu". Leo. Sio akiba ya mwaka mzima.

Sasa kuna anayesema mbona Mungu anajua tayari, ya nini kumweleza. Ni kweli anajua, Mathayo 6:8 inasema Baba yenu anajua mnayohitaji kabla hamjamwomba, ila mstari unaofuata hapo hapo Yesu anasema basi ninyi salini hivi, hakusema basi kaeni kimya. Hili swali ni la zamani sana. Kulikuwa na mjane mmoja tajiri wa Kirumi anaitwa Proba, alikimbilia Afrika ya kaskazini baada ya Roma kuvamiwa, akamwandikia Augustino, askofu wa Hippo, mji ambao leo uko Algeria, akitaka kujua asali vipi. Augustino akamjibu kwa barua ndefu karibu na mwaka 412, na jibu lake kwa ufupi ni kwamba tunaomba sio ili Mungu apate taarifa, ni ili hamu yetu ikue, tuweze kukibeba anachotaka kutupa. Kwenye barua hiyo hiyo anawataja ndugu wa kule Misri waliokuwa wanasali sala fupi fupi nyingi, unairusha tu kama mshale, akili isije ikachoka. Kwa hiyo wewe unayejilaumu kwamba huwezi kusali saa nzima, tulia. Sala ya sentensi moja kwenye foleni ni sala kamili.

Mpangilio, kama unauhitaji

Sala ya Bwana yenyewe ndio mpangilio. Ukiiangalia kwenye Mathayo 6 inaanza na mambo ya Mungu, jina lake, ufalme wake, mapenzi yake, ndipo inakuja riziki, msamaha, kuokolewa na yule mwovu. Maana yake sio kwamba lazima umsifie kwanza ndio akubali kukusikiliza, Mungu hahongwi na sifa. Ni kwamba ukianza na yeye, shida yako unapoifikia unakuwa umeshakumbuka unaongea na nani, na sauti inabadilika. Ila Petro alipokuwa anazama majini hakuanza na sifa, alisema "Bwana, niokoe" basi, na mkono ukanyooshwa pale pale. Ukiwa unazama anza na hilo.

Shukrani usiiache, Wafilipi 4:6 inaweka kuomba na kushukuru mahali pamoja, na Paulo aliyeandika hayo alikuwa amefungwa. Shukuru kwa kitu unachoweza kukitaja, hapo hapo kama unavyoomba kitu unachoweza kukitaja.

Na "kwa jina la Yesu" mwishoni sio paswedi. Kwenye Matendo 19 kuna wana saba wa Skewa walijaribu kulitumia jina hilo kumtoa mtu pepo wakati wenyewe hawana uhusiano wowote na mwenye jina, wakapigwa wakatoka mbio uchi na majeraha juu. Kuomba kwa jina lake ni kwenda mbele za Baba kwa sababu ya Yesu, sio kwa sababu wewe umekuwa mwema wiki hii, na ni kuomba kitu ambacho Yesu asingeona aibu kukitia sahihi. Ukifikiria hivyo kuna maombi mengine yanajifuta yenyewe kabla hujayasema. Mtu anaombea mume wa mtu aachane na mkewe, halafu anamalizia kwa jina la Yesu!

Yakobo naye kaliweka wazi, sura ya 4, kwamba hamna kitu kwa kuwa hamwombi, halafu hata mkiomba hampati kwa sababu mnaomba vibaya, ili mvitumie kwa tamaa zenu. Kwa hiyo jiulize tu, nikipata hiki nitakifanyia nini. Kutaka hela sio vibaya, kutaka kuolewa sio vibaya, ila kutaka kupanda cheo ili fulani anyooke, hiyo iangalie tena. Na kama kuna mtu umemwekea kinyongo, Marko 11:25 inasema unaposimama kusali samehe kwanza. Wanaume waliooa, 1 Petro 3:7 ni yenu, anasema kaeni na wake zenu kwa akili na kuwapa heshima, kusudi kuomba kwenu kusizuiliwe. Hilo sijui kwa nini halihubiriwi sana.

Lingine, usilipie. Mtu akikwambia toa kiasi fulani ndio ombi lako lifike, kumbuka Simoni wa Samaria kwenye Matendo 8 aliyeleta fedha kwa mitume akitaka kununua nguvu za Mungu, na Petro hakumwambia asante ndugu, alimwambia fedha yake ipotelee mbali pamoja naye. Sadaka toa, ni ibada, ila sio tiketi.

"Mapenzi yako yatimizwe" inakaa wapi

Hapa watu wamegawanyika. Wako wanaosema ukitamka "kama ni mapenzi yako" umeonyesha huna imani, dai haki yako, kiri, amuru. Na wako wanaoitanguliza kwenye kila sentensi mpaka ombi lenyewe linapotea, "Bwana kama utapenda, na kama haitakusumbua, lakini sio lazima". Wote nawarudisha Gethsemane, kule Yesu alikosali usiku ule aliokamatwa. Marko 14:36, Yesu anaanza na Baba, anasema yote yawezekana kwako, halafu anataja anachotaka bila kukipaka rangi, "uniondolee kikombe hiki", yaani mateso yaliyokuwa mbele yake. Hiyo imetamkwa kwanza na imetamkwa yote. Ndipo inakuja "walakini, si kama nitakavyo mimi, bali utakavyo wewe". Ombi kwanza, kuachia baadaye. Ukianza na kuachia hujaomba, ukiomba bila kuachia umeamuru.

Na kikombe hakikuondolewa. Mwana wa Mungu kaomba, kwa machozi, zaidi ya mara moja usiku ule, na jibu lilikuwa msalaba. Kwa hiyo mtu akija kwako umefiwa na mtoto uliyemwombea akakwambia imani yako ilikuwa ndogo, muulize na ile ya Gethsemane ilikuwa ndogo kiasi gani. Paulo naye alimsihi Bwana mara tatu kuhusu ule mwiba wake, yaani shida iliyokuwa inamtesa, 2 Wakorintho 12, akajibiwa "Neema yangu yakutosha" na mwiba ukabaki pale pale.

Ukishasema amina

Hapa ndipo nataka ukae na Nehemia kidogo, maana huyu mtu ni darasa. Yuko Shushani, mji wa mfalme kule Uajemi, anamnywesha divai mfalme Artashasta, anapata habari kwamba ukuta wa Yerusalemu umebomoka na malango yamechomwa moto. Analia, anafunga, anaomba. Hiyo ilikuwa mwezi Kisleu. Nafasi ya kuongea na mfalme inakuja mwezi Nisani, yaani kama miezi minne baadaye, na siku hiyo yuko kazini, ameshika divai, mfalme anamwangalia anamuuliza mbona uso wako una huzuni na wewe huumwi. Nehemia mwenyewe anasema aliogopa mno. Akaeleza. Mfalme akamuuliza una haja gani unayotaka kuniomba, swali lile lile la Bartimayo, ila sasa limetoka kwa mfalme mpagani. Nehemia anasema hapo akamwomba Mungu wa mbinguni, katikati ya swali na jibu, sala ya kupumua tu, hakusema mheshimiwa naomba nitoke nikasali kwanza, halafu akafungua mdomo.

Na alichoomba! Ruhusa ya kwenda, akataja na muda atakaokuwa huko. Barua kwa maliwali, yaani watawala wa ng'ambo ya Mto Frati, wampitishe. Barua kwa Asafu mtunza msitu wa mfalme, ampe miti ya malango ya ngome, ya ukuta wa mji, na ya nyumba atakayokaa yeye mwenyewe. Ina maana ile miezi alikuwa anaomba na huku anapiga hesabu, anajua mpaka jina la mwenye mbao. Na alipofika, maadui walipoanza vitisho, sura ya 4 inasema waliomba na wakaweka walinzi. Vyote viwili. Ukuta ukaisha kwa siku 52.

Kwa hiyo ukiomba kazi, tuma maombi ya kazi. Ukiomba ndoa yako ipone, kaa chini na mwenzako mwongee. Ukiomba mtihani, soma. Na ukiwa mgonjwa omba na nenda hospitali, dawa na maombi havigombani, Paulo mwenyewe alimshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yake ya mara kwa mara, hakumwambia kemea tu. Ukiombewa ukajisikia umepona shukuru Mungu, halafu daktari ndiye akwambie uache dawa. Hilo nalisema kwa msisitizo kwa sababu watu wanakufa.

Nirudie mara ngapi?

Yesu kasema msipayuke payuke mkidhani mtasikiwa kwa sababu ya maneno mengi, na Yesu huyo huyo katoa mfano wa mjane aliyemsumbua kadhi mpaka kadhi akachoka. Hazipingani. Mjane alikuwa na jambo moja na analirudia kwa sababu bado hajapewa haki yake. Anayepayuka anadhani wingi wa maneno ndio unaofanya kazi. Ukisali jambo moja kila asubuhi kwa sentensi tatu kwa mwaka mzima wewe ni yule mjane, endelea. Eliya alipokuwa anaomba mvua alimtuma mtumishi wake kwenda kuangalia upande wa bahari mara saba ndio kikaonekana kiwingu kama mkono wa mtu.

Ila kuna kurudia kunakoponya na kuna kurudia kunakozidisha stresi, unasali saa sita usiku unatoka na presha kuliko ulivyoingia. Hapo mwangalie Hana, 1 Samweli 1. Mwaka hadi mwaka anatukanwa na mke mwenzake kwa kukosa mtoto, mpaka hali chakula. Siku moja anaingia kusali, midomo inacheza sauti haitoki, kuhani Eli yuko pale anamtazama mdomo, anadhani kalewa, anamwambia utakuwa umelewa hata lini. Hana anamjibu kwa adabu kabisa, sijalewa bwana wangu, nimeimimina roho yangu mbele za Bwana. Na ombi lake lilikuwa la kutaja, mtoto wa kiume, na akasema na atakachofanya akipewa. Halafu akatoka akala chakula na uso wake haukuwa na huzuni tena. Mimba bado! Mkononi bado hajapata kitu, ila mzigo ameshautua. Kwa hiyo ukimaliza kuomba fanya kitu cha kawaida kabisa, kula, oga, lala. Andika ombi na tarehe pembeni, wasiwasi ukija usianze upya, sema tu Bwana lile jambo langu bado liko kwako, basi.

Hadi lini? Mimi nasema hadi upate, au ujibiwe hapana kama Paulo, au ugundue unachokitaka kimebadilika. Hilo la tatu hutokea sana na sio kushindwa. Na ukichoka kabisa, ukiwa na hasira na Mungu, usimkimbie, mwambie. Zaburi ya 13 inaanza kwa kumuuliza Mungu utanisahau hata lini, na iko ndani ya Biblia. Maneno yakiisha kabisa soma zaburi kwa sauti, au sala zilizoandikwa, au kaa kimya tu, Warumi 8:26 inasema hatujui kuomba jinsi itupasavyo na Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua. Wanaosali kwa kitabu na wanaosali kwa kelele wote wanasikika, hiyo vita ya nani anasali vizuri mimi siingii.

Kuomba wengine wakuombee

Fanya hivyo, sio udhaifu. Ila ukiwaambia "naombeni mniombee" halafu ukakaa kimya wataombaje, warushe maneno hewani? Waambie jambo, kama ni siri chagua wawili watatu wasiotoboa. Na jambo la mtu mwingine usilipeleke kwenye kundi bila ruhusa yake, maana umbea mwingi siku hizi unavaa nguo za maombi, "tumwombee dada yetu fulani, unajua mume wake..." Acha. Sema tumwombee dada yetu, Mungu anajua kilichobaki.

Kwenye Matendo 12 kanisa lilikuwa limekusanyika linamwombea Petro aliyefungwa, Petro akatolewa na malaika, akaja akabisha mlangoni, binti anaitwa Roda akakimbia ndani kuwaambia Petro yuko nje, wakamwambia una wazimu wewe. Wanaomba atoke, katoka, hawaamini, na Petro wa watu yuko nje anaendelea kugonga. Mimi hiyo stori inanipa moyo sana, kwamba Mungu aliwajibu watu wenye imani ya kiasi hicho. Petro alipoingia akawapungia mkono wanyamaze, akawaeleza ilivyokuwa, akasema kampeni habari Yakobo na ndugu wengine, ndipo akaondoka. Na wewe ukijibiwa rudi uwaambie, manake kuna mama wa watu bado anafunga kwa ajili ya hiyo kazi yako na wewe una mwezi wa tatu unapokea mshahara.